Mpaka Mama Aanguke

Mara ya kwanza Mama Tulinagwe alipoanguka kanisani, alikuwa anawaza kuku. Alikuwa ameacha mpunga umeanikwa uani, pale nyumbani kwao Ngonga, na hakukumbuka kama alifunga mlango wa ua. Ibada ilikuwa imerefuka, joto la Kyela limekaa juu ya mabati kama kuku juu ya mayai, na Mchungaji Hezroni akawataka waumini wote wasimame kwa wimbo. Mama Tulinagwe, aliyekwisha kuvuka miaka sabini, akasimama kwa haraka ili asionekane mzembe. Masikio yakaanza kuvuma kama mashine ya kukoboa. Jasho jembamba likamtoka. Watu waliokuwa mbele yake wakaanza kufifia kuanzia pembeni, kama taa ya chemli inayoishiwa mafuta, na wa mwisho kufifia alikuwa mchungaji mwenyewe.

Alipofumbua macho alikuwa sakafuni, nyuso zimemzunguka, mtu anampepea kwa kitabu cha nyimbo. Wazo lake la kwanza lilikuwa lile lile alilokuwa nalo kabla hajaanguka.

"Fungeni mlango," akasema. "Kuku watamaliza mpunga."

Mchungaji Hezroni, mtu mrefu mwenye sauti isiyohitaji spika ingawa alipenda sana kuitumia, akashuka madhabahuni, akarudia maneno hayo polepole. Kisha akayafafanua. Mlango ni mlango wa moyo. Kuku ni adui, anayedonoa kidogo kidogo mpaka ghala linakwisha. Mpunga ni baraka za Ngonga nzima. Mama Tulinagwe alitaka kusema kwamba kuku ni kuku, tena ni wa jirani, lakini ulimi ulikuwa mzito na kila mtu alikwisha kupiga magoti.

Ingeishia hapo. Lakini juma hilo hilo mfanyabiashara mmoja wa Njisi akakamatwa mpakani akivusha matenga ya kuku kutoka Malawi bila kibali, na habari ilipofika Ngonga haikuwa tena habari ya mfanyabiashara. Ilikuwa habari ya Mama Tulinagwe aliyeona.

*

Nyumba ile ilikuwa ya watu wanne. Palikuwa na Mama Tulinagwe na mumewe, Mzee Ezra, mkulima wa kokoa na ndizi asiyekuwa na maneno mengi. Palikuwa na mtoto wao Moses, mzee wa kanisa, na mkewe Felista. Nyumba hiyo ilikuwa imezoea kupokea wageni wakati wa msiba tu. Sasa walikuja kila siku. Walikuja na ndizi, na samaki wa kukaushwa, na kuku pia, jambo ambalo kwa kweli lilimkera mama. Waliketi kwenye mkeka, wakamsalimu, "Ugonile, mama," wakangoja. Hawakuja kumjulia hali. Walikuja kuona kama ataanguka.

Felista peke yake ndiye aliyeona jambo hili si la kukaribishia wageni. Akamwambia mumewe kwamba mama apelekwe hospitali, mtu mzima haanguki tu kama papai bivu. Moses akamjibu kwa upole wa mtu aliyepewa kiti cha mbele kanisani hivi karibuni kwamba hospitali hawana kipimo cha Roho. Felista akataka kumwambia baba mkwe, lakini hapo pana shida yake. Alilelewa na bibi aliyeshika desturi ya zamani ya Wanyakyusa, ambayo kwayo mke wa mtoto hamtazami baba mkwe usoni wala hasemi naye moja kwa moja. Wengi wameiacha, Felista hakuiacha. Basi akasimama upande wa pili wa ukuta wa jiko, akauambia ukuta kwa sauti kubwa kwamba mama anahitaji daktari. Mzee Ezra, aliyekuwa amekaa upande huu, akauambia ukuta kwamba amesikia. Ukuta ukapata habari zote, na hakuna kilichofanyika.

Siku aliyoanguka mara ya pili, wageni walikuwa wamejaa baraza. Mama Tulinagwe alikuwa amejilaza ndani. Alipoitwa, akainuka kitandani kwa mkupuo mmoja na kutoka. Alifika mlangoni tu. Alipozinduka, jambo la kwanza aliloliona ni kwamba kanga yake mpya, aliyokuwa ameitandika kwenye mkeka, ilikuwa imekaliwa.

"Nani amekalia kanga ya watu?" akauliza.

Shemasi Anyisile, mwanamume wa heshima zake, mwenye watoto wakubwa, akadhani ni yeye anayeulizwa. Kabla mtu yeyote hajafafanua chochote, akasimama akakiri mbele ya baraza zima kwamba ni kweli, amekuwa akienda kwa mjane mmoja wa kule ng'ambo ya mto, na kwamba kanga aliyoikuta huko ndiyo iliyomponza. Mkewe alikuwa amekaa karibu naye. Ndiye aliyekuwa amekalia kanga ya Mama Tulinagwe. Akainuka, akaikunja vizuri, akamrudishia mwenyewe, kisha akamvua mumewe kofia akampiga nayo mpaka barabarani.

Baada ya hapo hakuna aliyebaki na shaka.

*

Lazima isemwe kwamba Mama Tulinagwe hakuichukia hali hiyo yote. Aliogopa kuanguka. Kila mara alipozinduka alihisi kana kwamba mtu amemchukua, amemtumia, kisha amemrudisha bila kumfuta vumbi. Lakini katika maisha yake hakuwahi kusema neno watu wakainama kulisikiliza. Alikuwa mke wa Ezra, kisha mama Moses, kisha bibi wa kuota jua. Alipozungumza jikoni, walimwitikia "sawa, mama" kama mtu anavyoitikia redio.

Ndivyo walivyomwitikia kuhusu ng'ombe. Moses aliamua kumuuza ng'ombe wa maziwa ili kanisa lipate spika kubwa zaidi. Mama akasema ng'ombe asiuzwe. Sawa, mama. Akasema tena wakati wa chakula. Sawa, mama. Asubuhi akamkuta mnunuzi uani, anamshika ng'ombe mbavu.

Mama Tulinagwe akatazama huku na huku. Akasogea hatua chache mpaka palipokuwa na mkeka. Akakusanya kanga yake miguuni. Kisha akaanguka.

Alilala macho yamefumbwa, anasikia kila kitu: Moses akiita watu, mnunuzi akiachia kamba, Mzee Ezra akija mbio na ndara moja. Alikaa hivyo mpaka aliporidhika kwamba wote wamefika.

"Ng'ombe abaki," akasema, kwa sauti ya mbali kidogo.

Mnunuzi aliondoka bila hata kuaga. Moses alimfunga ng'ombe mwenyewe na kumwomba radhi, yaani ng'ombe. Felista alimsaidia mama mkwe kuingia ndani, akamketisha, akamfuta majani mgongoni.

"Leo mama umeanguka vizuri," akasema taratibu.

Mama Tulinagwe akatazama ukutani. Felista akamwambia kwamba hatasema kwa mtu. Ila aliogopa: siku itakayokuwa kweli, hakuna atakayejua kutofautisha, na hata wakijua, watu hawa hawatamsaidia, watamngoja aseme. Mama akamwambia asiwe na wasiwasi, akaomba chai. Ilipokuja, akainywa nusu, nyingine akaimwaga dirishani mkwe wake alipogeuka.

*

Mkutano wa Matema ulitangazwa kwenye makanisa ya jirani yote. Kungekuwa na ubatizo ziwani, na Mchungaji Hezroni aliahidi kwamba mama wa Ngonga atakuwepo. Hakusema ataanguka. Alisema tu kwamba atakuwepo, na watu wajitayarishe.

Mama Tulinagwe naye alijitayarisha. Tangu jana yake alasiri hakugusa maji, kwa sababu safari ilikuwa ndefu na lori la kukodi halisimami kila mwanamke mzee anapotaka kushuka. Asubuhi akameza kidonge cha presha alichopewa zahanati. Kisha, kwa kuwa ilikuwa siku kubwa, akameza na kile kingine, cha mdogo wake Sekela, aliyeolewa Karonga. Sekela naye alikuwa na presha na humtumia dada yake dawa za Malawi kila apatapo msafiri, akisema zina nguvu zaidi. Mama aliona kwamba dawa mbili ni kama mabehewa mawili: treni inakwenda vile vile, ila inabeba zaidi.

Matema siku hiyo ziwa lilikuwa limetulia, na milima ya Livingstone imesimama nyuma kama watu waliochelewa wakakosa viti. Mama Tulinagwe aliwekwa mbele, mchangani, juani. Alipewa kiti cha plastiki, lakini kila wimbo ulipoanza aliinuliwa, na nyimbo zilikuwa nyingi. Vijana walikuwa wamenyoosha simu wakimrekodi. Alipohisi masikio yanaanza kuvuma, alitaka kukaa. Akanyoosha mkono nyuma kutafuta kiti. Kilikuwa kimeondolewa, ili kisizibe picha.

Yaliyofuata alisimuliwa baadaye, kwa namna nyingi, lakini ya Felista ndiyo aliyoiamini.

Alipolegea, mashemasi wawili wenye miili walimdaka kabla hajafika chini, na hilo lilikuwa jema. Baya ni kwamba hawakumlaza. Walimshikilia wima, mmoja kwapa hili, mwingine kwapa lile, ili umati wote umwone na neno lisikike. Mchungaji akamwekea kipaza sauti mdomoni. Neno halikuja. Mama akapauka, midomo ikawa rangi ya majivu, kichwa kikaning'inia. Kisha mikono ikaanza kurukaruka, na umati ukalipuka kwa shangwe, kwa maana hiyo walikuwa hawajawahi kuiona. Mtu akammwagia maji usoni. Mwingine akajaribu kumnywesha soda. Kadiri alivyokawia kuzinduka, ndivyo walivyozidi kumwinua juu.

Felista alikuwa anapasua umati akisema mlazeni, mlazeni chini, lakini ilikuwa sauti ya mkwe tu. Aliyesikika alikuwa ziwani. Jubilate, muuguzi wa zahanati, alikuwa amesimama majini mpaka kiunoni, ndani ya joho jeupe, zamu yake ya kubatizwa imefika. Mchungaji msaidizi alikuwa amekwisha kumwekea mkono kichwani. Jubilate akautoa ule mkono, akatoka majini joho limemgandama, akapita katikati ya watu akiwaloanisha, mpaka kwa wale mashemasi.

"Mwacheni alale," akasema. "Mnamuua."

Mchungaji Hezroni akamkumbusha kwamba hajabatizwa bado. Jubilate akajibu kwamba anajua, atarudi. Mashemasi hawakuachia, walimtazama mchungaji wapate idhini. Ndipo Felista, aliyekuwa amefika, akamwona Mzee Ezra amesimama kando, mikono imemlegea. Akamtazama usoni kwa mara ya kwanza tangu aolewe.

"Baba," akasema, "mshike miguu."

Mzee Ezra alishtuka kama mtu aliyeitwa na maiti. Kisha akaenda. Alimshika mkewe miguu, akamvuta, na kwa kuwa mashemasi hawakutazamia upinzani kutoka chini, wakaachia. Wakamlaza mchangani. Jubilate akainamisha sikio puani kwake, akasikia pumzi, akamlegeza kanga kifuani na vifungo vya blauzi shingoni, akawaambia watu warudi nyuma apate hewa. Akamwambia Mzee Ezra ainue ile miguu juu na aishike hivyo hivyo. Mzee akapiga magoti, akaweka visigino vya mkewe mabegani kwake, mbele ya makanisa yote ya jirani, na hakujali.

Rangi ikarudi polepole, midomo kwanza. Mama Tulinagwe akafumbua macho. Simu zikasogea.

Akamwona mumewe kati ya miguu yake. Akaanza kulia.

*

Kwenye hospitali walikompeleka, tabibu alikuwa kijana mwenye macho ya mtu aliyekesha. Moses akajitambulisha, akaanza kueleza maneno aliyoyasema mama kila alipozinduka, moja baada ya jingine, na maana zake. Tabibu alisikiliza kidogo, kisha akamgeukia mgonjwa.

"Mama, kabla hujaanguka unahisi nini?"

Mama Tulinagwe alifikiri. Ngonga nzima ilikuwa imemuuliza kuhusu baada. Hakuna aliyewahi kumuuliza kuhusu kabla. Akaeleza taratibu, kama mtu anayetoa vyombo kabatini: masikio kuvuma, jasho, macho kufifia kuanzia pembeni. Kwamba humtokea akisimama. Tabibu akampima presha amelala, kisha akamsimamisha akampima tena, na Felista akaona uso wa yule kijana unabadilika, kwa maana presha ilikuwa imeshuka sana. Akauliza dawa. Mama akafungua fundo la kanga, vikatoka vidonge vya aina mbili. Tabibu akavitandaza mezani, akasema ni dawa ile ile, majina mawili. Akauliza kama kifua huuma au moyo hukimbia. Akasema atampeleka kwenye kipimo cha moyo, kwa kuwa mtu wa umri wake akizimia hakuna kubahatisha, huenda ni jambo dogo, huenda ni moyo wenyewe unasita. Akauliza kama anakunywa maji ya kutosha.

Mama akamtazama Moses, akamtazama mumewe. Kisha akaomba wanaume watoke, isipokuwa tabibu, ambaye alimhesabu kama mjukuu.

Alipobaki na Felista na tabibu ndipo akasema. Choo chao kiko chini kule, nyuma ya migomba, bondeni. Njia ina mteremko, na masika maji hutuama pale mpaka kwenye kifundo. Kuchuchumaa magoti hayataki. Siku moja alikaa huko muda mrefu akishindwa kuinuka, akamwita Mungu kwa sababu aliona haya kumwita mtu. Tangu siku hiyo aliamua asinywe. Usipokunywa huendi. Alikwisha kuomba choo kisogezwe, mara nyingi, wakamjibu sawa, mama.

Felista akainamisha kichwa. Alikuwa mmoja wa waliojibu.

Tabibu hakucheka wala hakutoa hotuba. Alimwambia aache dawa za Karonga kabisa, atumie ya hospitali peke yake, na hata hiyo atampunguzia. Anywe maji. Akiamka, akae kwanza ukingoni mwa kitanda, achezeshe miguu, ndipo asimame. Na akiona macho yanafifia, akae chini papo hapo, au alale, hata kama ni kanisani, hata kama wengine wote wamesimama. Kuona aibu ya kukaa, alisema, kumeua wazee wengi kuliko anavyoweza kumwambia.

*

Kipimo cha moyo kilitoka salama. Baada ya hapo Mama Tulinagwe hakuanguka tena, na watu wakavunjika moyo. Wageni waliendelea kuja kwa muda, wakamkuta anachambua mchele, wakamuuliza hali, wakaondoka wakisema labda juma lijalo. Mmoja kutoka Njisi alimwomba asimame kwa haraka kidogo, ajaribu tu.

Mwishowe Mchungaji Hezroni akaja mwenyewe, na wazee wa kanisa, na viatu vyake vyeupe. Wakakaa barazani. Akasema anafurahi kumwona mama na afya, ila waumini wana njaa ya neno, na kama kuna lolote Bwana ameliweka moyoni mwake, hata bila kuanguka, wako tayari kulipokea.

Mama Tulinagwe alikuwa ameshika kikombe cha maji. Akanywa, akakiweka chini.

"Liko," akasema. "Nataka choo. Hapa karibu na nyumba. Kiwe cha kukalia, na kiwe na mti wa kushika wakati wa kuinuka."

Wazee wa kanisa walitazamana. Moses akainamisha uso. Mchungaji Hezroni alifumba macho kwa muda, na alipoyafumbua yalikuwa yameng'aa. Akainua mkono. Choo, akaanza, ni mahali mtu anapotua mzigo wake wa siri, na mti wa kushika, ndugu zangu, sote tunaujua ule mti —

"Choo ni choo, mchungaji," akasema Mama Tulinagwe.

Mkono ulibaki hewani, hauna pa kwenda. Kila mmoja alikuwa amesikia maneno, hakuna aliyepewa maana yake, na mwanamke aliyeyasema alikuwa mzima, macho makavu, anawatazama.

Aliyesimama kwanza ni Mzee Ezra. Alizunguka nyumba, akarudi na jembe. Akapita mbele ya mchungaji bila kuomba njia, akaenda mpaka kona ya jiko, akauliza kama ni hapa. Felista, akiwa mlangoni, akamjibu kwamba hapo ni karibu mno na kisima, asogee kidogo upande wa kokoa. Alimwambia yeye mwenyewe, si ukuta. Mzee akasogea.

Moses akavua koti lake la Jumapili, akalitundika kwenye msumari, akaenda kumpokea baba yake jembe. Mzee wa kanisa mmoja akamfuata, kisha mwingine. Mchungaji Hezroni alibaki peke yake barazani na yule mama. Alitazama viatu vyake. Alitazama udongo mwekundu uliokwisha kuanza kurushwa. Akauliza, kwa sauti ndogo ambayo Mama Tulinagwe hakujua kama anayo, kama kuna jembe la pili.

"Liko nyuma ya mlango," akamwambia, kisha akamshukuru kwa Kinyakyusa: "Ndaga fijo."

Akamngoja alichukue na kwenda. Kisha akasogea ukingoni mwa kiti, akachezesha miguu, akangoja kidogo dunia itulie. Ilipotulia akainuka, polepole kama bibi harusi, akaenda kuwaonyesha mlango uelekee wapi.